Koti la Paragwai

Tangu nishuke kwenye treni mmekuwa mkiniuliza, "Ilikuwaje Bongo?" nami nimekuwa nikijibu "Poa tu" na kubadilisha mazungumzo. Kikombe nilichorudi nacho kimewekwa kabatini ofisini kwa mkuu wa shule, upande wa kioo, na kila nikitumwa ofisini najifanya natazama kalenda. Wengine mmeanza kusema nimepata maringo. Si maringo, ni aibu. Leo nawaandikia yote, kuanzia stesheni ya Kigoma, na nitawaomba msinipongeze tena.

Kwa wale ambao hamkuwa kwenye klabu ya mijadala: kongamano lile huwakusanya wanafunzi wa mikoa mbalimbali, kila mmoja anapewa nchi, anakuwa kama balozi wake, kisha mnajadili matatizo ya dunia. Joto, vita, maji, taka. Mwaka huu waandaaji walisema liendeshwe kwa Kiswahili, na mada ya kamati yetu ilikuwa nguo za mitumba: je, nchi maskini zizipige marufuku? Sheria yao kubwa ni kwamba huruhusiwi kusema "mimi". Unasema "Paragwai inaamini", "Paragwai inasikitika". Mimi nilipangiwa Paragwai. Nilichokijua kuhusu nchi hiyo ni kwamba wanacheza mpira na hawana bahari, na hilo la bahari nililijua baada ya kutazama ramani.

Kigoma hadi Itigi

Mama alinifungashia migebuka mikavu ya ziwani na dumu dogo la mawese niwapelekee watakaonipokea. Dumu lilianza kuvuja kabla hatujafika Uvinza. Kufika Kaliua, shati langu moja lilikuwa limegeuka rangi ya machungwa, na abiria waliokuwa karibu yangu walinusa migebuka mpaka wakaizoea. Koti langu jeusi, lile mliloniona nalo siku ya kuagwa, nililitundika juu ya dirisha lisikunjike. Ndilo lililokuwa linifanye nionekane balozi.

Tabora tulikaa mno. Walisema kichwa cha treni kina hitilafu, halafu wakasema kinachosubiriwa ni kichwa kingine, halafu hawakusema kitu. Watu walishuka, wakatandika khanga, wakanunua karanga na asali, wakaanza kujuana. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga, mchangamfu, wa kusema chochote kinachomjia. Alinisikia nikijisomea hotuba akauliza Paragwai ni wilaya ya wapi. Nikamweleza mambo ya kongamano, nikijikuza kidogo.

"Kwa hiyo wewe husemi kwa jina lako?"

"Hapana mama. Nasema kwa niaba ya nchi."

"Ukisema uongo, anayeulizwa ni Paragwai?"

"Ni kama hivyo."

Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Raha iliyoje! Na mimi nitafutie nchi."

Tulipoondoka Tabora baridi ya bara ilianza kutuingia, na mtoto yule alikuwa na kikhanga chepesi tu. Nikashusha koti nikampa mama yake. Nilisema, "Chukua tu, mama." Alinitazama, akasema Mungu aniongezee, akamviringisha mtoto. Nilijisikia vizuri sana, nikasinzia kama mtu aliyetoa sadaka.

Alishuka Itigi kulipokuwa kunapambazuka. Alisimama chini ya dirisha langu na mtoto amefunikwa na koti mpaka masikioni, akanipungia mkono kwa muda mrefu. Nami nikampungia. Treni ilikuwa imeshachanganya mwendo ndipo nilipokumbuka kwamba koti lile lilikuwa la kwangu, na kwamba mimi nilikusudia kumwazima.

Saranda hadi Dar

Saranda kila mtu alinunua kuku. Mimi nilinunua paja moja, nikalila kwa huzuni, nikijiona nimesimama mbele ya mabalozi wa dunia na shati lenye mawese. Abiria walipogundua kilichotokea walinicheka mpaka Dodoma. Mmoja alisema koti limeenda kuwa mkuu wa wilaya Itigi.

Hapo sikuwa na kosa lolote, na nataka mlikumbuke hilo. Nilikuwa mtu mzuri mpaka Saranda.

Stesheni ya Dar nilimkuta mwanamke mnene mwenye kitenge cha kijani, ameinua kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino wa kalamu nene: PARAGWAI. Waandaaji walikuwa wamewapa wenyeji majina ya nchi tu. Alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, akiuliza kila kijana anayeshuka, "Wewe ndiye Paragwai?" Nilipomwambia ndimi, akanikumbatia pamoja na migebuka yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekondeana! Paragwai hakuna chakula?"

Huyo ndiye Mama Manka. Ni mtu wa Rombo, muuzaji wa mitumba Kariakoo, na mwanawe Manka anasoma bweni huko Moshi, ndiyo maana chumba cha kunilaza kilikuwepo.

Kariakoo

Anakaa ghorofani, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, na duka lake liko chini yake. Alinipikia mtori, supu yao nzito ya ndizi, siku ya kwanza na ndizi nyama siku ya pili, na kila mara aliniambia nyama imechinjwa na Mwislamu, nile bila wasiwasi. Mawese yangu aliyapokea kana kwamba nimemletea dhahabu, ingawa hakujua ayafanyie nini. Jirani yake wa dukani, Bi Swabra, mama wa Kiarabu anayeuza khanga na vitenge, aliyajua. Alikuja kuyachota kidogo na kutuachia kahawa na kashata. Mtaa mzima ulikuwa unaniita Paragwai. Muuza maji alikuwa ananisalimia, "Mambo, Paragwai?" nami najibu "Poa" kwa niaba ya taifa.

Mama Manka alipojua nimepoteza koti hakucheka. Aliniambia nimsubiri hadi kesho yake, kuna belo la makoti litafunguliwa.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Wachuuzi wanaonunua nguo kwake ili wakauze mitaani hawajui kilichomo ndani ya belo mpaka likatwe. Linakuja limefungwa kwa mikanda, limebanwa likawa gumu. Kwa hiyo wanachokiamini ni mkono. Kuna mtu ambaye mkono wake ukifungua belo, zinatoka nguo nzuri, na wachuuzi humfuata huyo. Mkono wa Mama Manka ulikuwa unasifika. Wachuuzi walikuwa wanafika mapema, wanalizunguka belo, yeye anakata mikanda, anaingiza mkono bila kutazama, anavuta nguo ya kwanza, na hiyo ndiyo inayosema siku itakuwaje.

Nilisimama pale nikamwona. Alivuta koti la bluu iliyoiva, bitana nzima, vifungo vyote. Wachuuzi wakapiga kelele, na mmoja akawa ameshalishika mkono wa kushoto. Mama Manka akalivuta.

"Hili si la kuuzwa. Hili la Paragwai."

Jioni tulifanya mazoezi. Yeye alikaa juu ya mabelo na mwiko na sufuria, akawa mwenyekiti. Mimi nikasimama mlangoni na koti langu. Alizipenda sheria zetu kuliko mimi mwenyewe. Iliyomfurahisha zaidi ni hii: ukimaliza kusema kabla kengele haijalia, muda uliobaki ni wako. Unaweza kumwachia mjumbe mwingine, au hata mgeni aliyemo ukumbini, naye akasema. Au unamrudishia mwenyekiti, na hapo mjadala wako unafungwa, hakuna wa kukujibu.

"Yaani mtu anakupa muda wake, useme wewe?" aliniuliza. "Huku sokoni hakuna kitu kama hicho."

Usiku ule wa mwisho kabla ya kongamano, tukiwa tunakula, aliniambia nimwahidi kwamba atakalosema litaishia palepale mezani. Nikamwahidi. Akanisimulia kwamba kuna siku moyo wake ulikataa, akafungua belo peke yake kabla wachuuzi hawajafika. Lilikuwa belo la masweta ya watoto. Ndani akakuta matambara: mikono ya mashati isiyo na mashati, suruali za mguu mmoja, vitu vibichi vyenye ukungu.

"Nikalikalia nikalia," alisema. "Halafu nikajitazama, mtu mzima nimekaa juu ya suruali ya mguu mmoja, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nikayakata, nikawauzia wa gereji wafutie mikono. Hakuna anayejua. Wakijua mkono wangu uliwahi kutoa kitu kile, baba, nani atakuja kwangu?"

Tulicheka wote. Nilicheka mpaka machozi, nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Ukumbini

Ukumbi ulikuwa Kivukoni, na mchana tuliletewa samaki wa kukaanga kutoka Feri, tukawala tukiwa na tai shingoni. Wajumbe wa Dar walijuana wote. Sisi wa mikoani tulikaa pembeni tukiitana kwa nchi zetu, kwa kuwa majina hatukuyajua. Siku mbili za kwanza nilizungumza mara chache na hakuna aliyenisikiliza. Aliyetawala ni Norwe, msichana wa palepale mjini, anayesema bila karatasi na anayejua lini atulie ili watu wapige makofi. Yeye alitetea mitumba. Alisema inawalisha akina mama, inawavisha watoto wa shule, na kwamba anayetaka kuipiga marufuku aje na nguo mkononi.

Nilikubaliana naye. Nimevaa mitumba maisha yangu yote, na pale pale nilikuwa nimevaa mtumba. Lakini Norwe alikuwa ameshauchukua upande huo, na makofi yake yalikuwa yananiuma. Basi Paragwai ikaamua kuwa upande wa pili.

Siku ya kufunga, wenyeji walialikwa. Mama Manka alifunga duka mchana, jambo ambalo Bi Swabra alisema hakumbuki kuliona, wakaja wote wawili, wakakaa safu ya mbele ya wageni. Mama Manka alivaa kile kitenge cha kijani. Aliponiona jukwaani alimgusa Bi Swabra na kiwiko na kunionyesha koti.

Nilianza vizuri, kisha nikaona watu wanaangalia simu zao. Norwe alikuwa anatabasamu. Nikaiacha karatasi.

"Waheshimiwa," nilisema, "Paragwai haisemi kwa vitabu. Hapa hapa Kariakoo kuna mama alifungua belo akakuta taka. Suruali za mguu mmoja. Nguo zenye ukungu. Akalikalia lile belo akalia kama mtoto. Hicho ndicho tunacholetewa, waheshimiwa. Na mama huyo yumo humu ndani. Yule pale, mwenye kitenge cha kijani."

Nilimnyooshea kidole. Sikusema kwamba alicheka. Nilikikata kicheko nikabakiza kilio, kwa sababu kilio ndicho kilichokuwa na makofi.

Na makofi yalikuja. Watu walisimama. Simu zote zilizokuwa zikichezewa sasa zilikuwa zimeinuliwa, nusu kwangu na nusu kwa Mama Manka, na mimi nilisimama pale nimejaa furaha, Mungu anisamehe, furaha ya kweli. Ndipo nilipouona mkono wake. Alikuwa ameuinua juu, umenyooka, kama tulivyofanya mazoezi.

Mwenyekiti alikuwa kijana mstaarabu. Aligonga meza. "Naona mgeni wetu anaomba kusema. Kwa taratibu zetu mgeni hana sauti, isipokuwa mjumbe amwachie muda. Mheshimiwa wa Paragwai, kengele yako bado. Muda uliobaki unamwachia nani?"

Mama Manka alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Alikuwa akisubiri kama mtu anayejua jibu, kwa sababu sheria ile alikuwa ameijua kupitia kwangu.

Nikaogopa. Niliogopa atasema neno litakalonivua yale makofi. Nilitazama meza, nikasema, "Paragwai inamrudishia mwenyekiti."

Mkono wake ulibaki juu kidogo, kisha akaushusha, akaulaza mapajani na kuufunika kwa mwingine. Kengele haikulia mpaka nilipokwisha kukaa. Walinipa kikombe jioni ile.

Tulirudi Kariakoo kwa miguu, watatu, kikombe kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama Manka aliuliza kama nimeshiba. Bi Swabra alinigeukia tulipofika mlangoni kwake.

"Kijana," alisema, "koti limekukaa."

Belo la asubuhi

Asubuhi ya kuondoka kwangu kulikuwa na belo jingine. Chai ilikuwa mezani na chapati zimefunikwa, kama siku zote. Nilishuka dukani kuaga, nikawakuta wachuuzi wamesimama mbali kidogo na belo. Mmoja alikuwa anawaonyesha wenzake simu. Nilisikia sauti yangu ikitoka ndani yake: "Yule pale, mwenye kitenge cha kijani."

Mama Manka alichukua kisu. Hakuna aliyesogea.

"Dada, usichukie," alisema mchuuzi mmoja, mwanamke ambaye siku ile ya makoti ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Leo afungue mwingine. Si kwa ubaya. Tuna watoto."

"Afungue nani?"

"Bi Swabra yupo."

Bi Swabra alitoka dukani kwake. "Mimi mtu wa khanga, mnaniingiza kwenye mambo gani? Mama Manka, waambie waondoke."

"Wakiondoka nitamuuzia nani?" Mama Manka alisema. Akampa kisu, mpini ukielekea kwa mwenzake. "Kata, dada. Kata tu."

Nilisimama pale nikiomba. Niliomba belo lile liwe baya, lijae matambara, ili ijulikane kwamba mkono hauna maana yoyote. Bi Swabra akakata mikanda, akafumba macho, akavuta. Likatoka gauni la mtoto, jipya, na lebo yake bado inaning'inia. Chini yake kulikuwa na mengine kama hilo. Wachuuzi walilirukia belo zima kwa shangwe, wakamwita Bi Swabra mama, wakamwambia kesho kutwa tena. Yeye aliangua kilio akarudi dukani kwake.

Mama Manka alikuwa anapokea malipo na kuwashukuru mmoja mmoja. Nilipopata nafasi nilivua koti, nikalikunja, nikampa kwa mikono miwili.

"Mama, nisamehe. Sistahili hili."

Alilitazama. Alilikunjua, akapangusa bega lake kana kwamba kuna vumbi, akanirudishia.

"Nenda nalo, Hamisi. Itigi kuna baridi."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Kurudi

Treni ya kurudi haikuchelewa popote, na nilitamani ichelewe. Sikununua kuku Saranda. Pale Itigi nilitoa kichwa dirishani kumtafuta yule mama wa mtoto, si kwa sababu ya koti. Nilitaka kumjibu swali lake la kule Tabora, kwamba aliyeulizwa hakuwa Paragwai. Wala hakuwa mimi. Stesheni ilikuwa na wauza asali tu.

Juzi, baada ya kulikwepa jambo hili tangu nirudi, nilimpigia Mama Manka. Nilipanga maneno mengi ya kuomba radhi. Alinisikiliza nusu, akaniuliza habari za mama yangu, akasema mawese yamepata kazi, Bi Swabra amemfundisha kupikia maharage. Mabelo yote sasa anafungua Bi Swabra, na Mama Manka anasimama nyuma ya meza.

Nikamuuliza lile lililokuwa linaninyima usingizi. "Mama, siku ile ningekuachia muda wangu, ungesema nini?"

Alicheka kidogo, kile kicheko chake cha mezani.

"Ningesema, 'Kijana amechanganya wenyeji, mimi nauza vitenge na huyu Bi Swabra.' Wangecheka, ingekwisha. Nilihitaji sentensi moja tu, baba."

Nikamuuliza kama ataniruhusu kuwaandikia ninyi, maana nilishasimulia mara moja bila kumuuliza.

"Andika," alisema. "Mtaa mzima unajua, nitamficha nani tena? Ila ukiandika la kilio, andika na koti. Nisubiri kidogo, nina mteja." Akaiacha simu wazi, nikamsikia akisema bei, akisihi, mteja akiondoka. Hakurudi kwenye simu.

Basi naandika na koti, kama alivyoagiza. Lile la bluu mnaloazima kwangu siku za mahafali, ambalo mmesema bila shaka nililinunua duka la maana mjini, lilitoka ndani ya belo Kariakoo. Lilikuwa nguo ya kwanza. Mama Manka alilivuta bila kutazama, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu, na halikupungukiwa hata kifungo kimoja.